Usinunue faida ya jana

Ingia leo kwenye kundi lolote la Telegram linalodai kufundisha vijana biashara ya hisa au foreksi, na hutachelewa kukutana na picha ileile: mstari wa bei unaopanda na kushuka, mishale ya kijani kwenye mabonde, mishale myekundu kwenye vilele, na chini yake tarakimu nono ya faida. Hapa nunua, hapa uza, hapa nunua tena. Maelezo yanasema mwenye kundi ana mfumo wake, na mfumo huo unauzwa. Kwa mwezi kiasi hiki, kwa mwaka kiasi kile, lipa kwa simu utumiwe signali.

Mimi nafundisha kuandika programu za kompyuta, madarasa ya jioni, Sinza. Kila muhula nawapa wanafunzi wangu zoezi ambalo likikamilika hutoa picha hiyohiyo, mishale hiyohiyo, na faida ambayo hakuna mfanyabiashara duniani anayeweza kuizidi. Programu yenyewe haifiki mistari 20. Hakuna mwanafunzi aliyetajirika kwa zoezi hilo, wala mwalimu wao. Ndiyo maana naona zoezi hili lisiishie kwa wanaosomea kompyuta. Yeyote anayejua kujumlisha na kutoa anaweza kulifanya kwa kalamu na karatasi, na akishalifanya kwa mkono wake mwenyewe atakuwa na kinga dhidi ya wauza mishale ambayo matangazo ya tahadhari hayawezi kumpa.

Zoezi liko hivi. Umepewa bei za hisa za kampuni moja kwa siku kadhaa zilizopita. Unaruhusiwa kununua hisa moja na kuiuza, kisha kununua tena ukitaka. Huruhusiwi kushika mbili kwa mpigo, wala kuuza usichonacho. Je, faida kubwa kabisa ambayo ingeweza kupatikana ni shilingi ngapi? Waajiri wa wataalamu wa kompyuta hulipenda sana swali hili kwenye usaili, na lina ndugu wengi: nunua na uuze mara moja tu, mara mbili, mara nyingi upendavyo, lipa ada kila unapomaliza mzunguko wa kununua na kuuza, pumzika siku moja baada ya kuuza kabla hujanunua tena.

Chukua bei hizi za siku nane, kwa shilingi: 400, 420, 410, 450, 430, 440, 480, 460. Kama unaruhusiwa mzunguko mmoja tu, macho yanatosha. Nunua kwa 400, uza kwa 480, faida 80. Kama unaruhusiwa mara nyingi na hakuna ada, macho bado yanatosha: chukua kila mpando, kwepa kila mteremko. Kutoka 400 hadi 420 ni 20, kutoka 410 hadi 450 ni 40, kutoka 430 hadi 480 ni 50. Jumla 110.

Sasa weka ada. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ukijumlisha kamisheni ya dalali na tozo ndogondogo zinazoambatana nayo, mwekezaji mdogo hukatwa kama asilimia 2 akinunua, na kama asilimia 2 nyingine akiuza. Kwa hisa ya shilingi 430 hivi, kwenda na kurudi ni kama shilingi 17. Kwa urahisi wa hesabu, tuzikate zote 17 hisa inapouzwa. Ile mizunguko mitatu iliyotupa 110 inabakiza 59. Mzunguko mmoja uliotupa 80 unabakiza 63. Je, kuna njia bora zaidi ya hizo mbili? Hapa macho yanaanza kubabaika, na bei zenyewe ni nane tu.

Unaweza kujaribu kila njia. Kila siku inapoisha, ama unayo hisa ama huna. Kwa siku nane hizo ni njia 256. Mwenye subira na daftari nene atamaliza. Lakini mwaka wa soko una siku za biashara kama 250, na hapo idadi ya njia ni namba yenye tarakimu 76. Kusanya kompyuta zote za dunia uziwashe usiku na mchana, hazitafika popote.

Aliyetuonyesha jinsi ya kuukwepa mlima huo ni Richard Bellman, mwanahisabati wa Marekani aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la utafiti la RAND, California, miaka ya 1950. Mwaka 1957 alitoa kitabu kilichoitwa Dynamic Programming, na jina hilo ndilo mbinu inaloitwa hadi leo. Wanafunzi wangu wanaiita dipii. Wazo lake unaweza kumweleza mtu kituoni mkisubiri daladala: ili uamue vizuri kuanzia hapa ulipo, huna haja ya kubeba historia yote ya ulikopita. Unahitaji kujua uko katika hali gani sasa, na kiasi bora kabisa ambacho mtu angeweza kufika nacho katika hali hiyo. Njia nyingine zote zilizofika hapo zikiwa na kiasi kidogo zaidi, zitupe. Hazitakuja kushinda kamwe.

Katika zoezi letu hali ni mbili tu, kwa hiyo ubaoni nachora safu mbili. Ya kwanza naiita Sina: salio kubwa kabisa ninaloweza kuwa nalo leo nikiwa sina hisa. Ya pili naiita Ninayo: salio kubwa kabisa nikiwa nimeshika hisa. Hii ya pili huanza ikiwa hasi, maana fedha imeshatoka mfukoni. Kila siku mpya inauliza maswali mawili. Kwa Sina: nibaki nilivyokuwa jana, au niuze leo ile niliyonayo? Kwa Ninayo: niendelee kushika, au ninunue leo kwa salio la Sina ya jana? Andika lililo kubwa, songa mbele.

Siku ya kwanza Sina ni 0 na Ninayo ni hasi 400. Siku ya pili bei ni 420. Nikiuza: 420 toa 400 toa ada 17, nabaki na 3. Tatu ni kubwa kuliko sifuri, kwa hiyo Sina inakuwa 3. Siku ya tatu, kwa 410, hakuna kinachobadilika. Siku ya nne bei ni 450: toa 400, toa 17, Sina inaruka kuwa 33. Siku ya tano, bei 430, ndipo darasa huanza kubishana. Sina ni 33. Nikinunua sasa kwa 430 nabaki na hasi 397. Ninayo ya jana ilikuwa hasi 400. Hasi 397 ni afadhali kwa shilingi 3, kwa hiyo Ninayo inabadilika. Maana yake ni kwamba aliyeuza jana kwa 450 na kununua upya leo kwa 430 amemzidi aliyeng'ang'ania hisa yake tangu siku ya kwanza, hata baada ya kulipa ada. Siku ya sita haina jipya. Siku ya saba, kwa 480: toa 397, toa 17, Sina inakuwa 66. Siku ya nane bei ni 460, na 66 haiguswi.

Jibu ni 66. Mizunguko ni miwili: 400 hadi 450, kisha 430 hadi 480. Tumejaza visanduku 16 badala ya kupita njia 256. Kwa mwaka mzima vingekuwa visanduku 500, kazi ambayo simu ya bei poa inaimaliza kabla hujaondoa kidole.

Kabla hatujaendelea, tazama ada ilichofanya. Mteremko wa kutoka 420 hadi 410 ni wa shilingi 10, mdogo kuliko 17, kwa hiyo kuukwepa ni hasara. Mteremko wa kutoka 450 hadi 430 ni wa shilingi 20, mkubwa kuliko 17, kwa hiyo kuukwepa kunalipa. Bila ada, kila mtikisiko ni fursa. Pamoja na ada, mitikisiko mingi inageuka kuwa mapato ya dalali. Mtu anayekuonyesha faida ya miamala mingi kwa mwezi bila kutaja ada anakuonyesha 110 wakati chake halisi ni 59, na 59 ni chini ya 63 ya yule aliyenunua mara moja na kuuza mara moja.

Sasa tuje kwenye swali ambalo nataka kila msomaji alibebe. Siku ya nne, bei ikiwa 450, kanuni yetu ilijuaje kwamba huo ndio wakati wa kuuza?

Haikujua. Rudi kwenye safu uangalie. Siku ya nne kanuni iliandika 33 upande wa Sina na ikaacha hasi 400 upande wa Ninayo. Iliziweka hai njia zote mbili, ya aliyeuza na ya asiyeuza. Ni siku ya tano tu, bei iliposhuka hadi 430, ndipo ya asiyeuza ilipotupwa. Ule mshale mwekundu unaopendeza juu ya 450 ulichorwa siku moja baadaye. Bei ya siku ya tano ingekuwa 470, usingechorwa kabisa.

Na kuna kisa kizuri zaidi cha siku ya pili. Siku ile Sina ilisoma 3, yaani hesabu ingefungwa pale, jibu lingekuwa "uza kwa 420". Ilipofika siku ya nne uamuzi huo ukafutwa kana kwamba haukuwahi kuwepo, na aliyeuza kwa 420 akageuzwa kuwa mtu ambaye hakuuza. Kwenye karatasi ni halali. Ndiyo kazi tuliyoipa kanuni. Ila jaribu kumpigia dalali wako siku ya nne umwambie afute mauzo ya siku ya pili, usikie atakavyokujibu.

Hapo ndipo biashara yote ya kuuza mishale ya zamani inapokatika mguu. Faida kubwa kabisa ya jana inaweza kuhesabiwa na mtu yeyote, bila kipaji, bila siri, bila kujua kampuni husika inatengeneza bia au saruji. Kumlipa mtu kwa hilo ni kama kumlipa ujira wa utabiri mshabiki anayekuletea matokeo ya Simba na Yanga Jumatatu asubuhi.

Wajanja zaidi hawachori mishale kwa mkono. Wanakuletea kanuni kamili: nunua pale wastani wa siku kadhaa unapovuka wastani wa siku kadhaa nyingine, uza ukirudi. Wanaiendesha juu ya bei za mwaka jana, faida inatoka, na safari hii huwezi kusema kanuni ilichungulia kesho. Usiwe na haraka. Uliza hizo "siku kadhaa" zilichaguliwaje. Ukijaribu michanganyiko 200 ya siku, mmojawapo lazima uwe wa kwanza, na ukimwonyesha mteja huo mmoja tu huku 199 ikiwa imefichwa, umechungulia kesho kwa mlango wa nyuma. Wanaofanya kazi hii kwa uadilifu hutenga sehemu ya data wasiiguse, wakamilishe kanuni kwanza, kisha waijaribu mara moja juu ya data ambayo haijawahi kuiona. Sijaona kundi la Telegram linaloanza maelezo yake hapo.

Mtu anaweza kusema: basi kama kanuni inahitaji kujua yajayo, inatufaa nini? Inatufaa sana, kwanza kama kipimo. Sitini na sita ndiyo dari. Hakuna binadamu wala mashine ambayo, kwa bei zile na ada ile, ingepata 67. Ukishaijua dari, unaweza kumpima yeyote. Na chini ya dari mweke mtu wa pili, ninayependa kumwita mlalaji: alinunua siku ya kwanza kwa 400, akalala, akauza siku ya mwisho kwa 460. Ukitoa ada, mlalaji anabaki na 43. Yaani bila signali hata moja, amechukua karibu theluthi mbili ya kila kilichowezekana. Bei zangu nimezichagua zinazopanda. Zingekuwa zinashuka, mlalaji angepata hasara, na hilo nalo lisemwe. Lakini muuza signali hashindani na sifuri. Anashindana na mlalaji, na ni lazima amzidi baada ya kutoa ada za miamala na kile anachokudai wewe kila mwezi.

Hili si jambo la darasani tu. Hisa za benki ya CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya bei hiyo ya kuanzia. Mwaka 2024 zilikuwa zimepita mara tatu yake. Leo hata mtoto ataweka kidole mahali mshale wa kijani ulipopaswa kuwa. Mwaka 2019 mahali hapo hapakuwa na mshale. Palikuwa na bei ya chini na watu wengi wenye sababu nzuri za kutokununua. Mlalaji wa 2009 aliyevumilia amepata chake, tena na gawio juu, jambo ambalo zoezi letu halilihesabu kabisa.

Faida ya pili ya dipii ni funzo kuhusu kumbukumbu, na hapa namtaja shemeji yangu, ambaye ameniruhusu. Mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa shilingi 850. Shemeji alinunua. Bei ikashuka na kwa miaka mingi ikakaa chini ya pale. Kila tukikutana kwenye shughuli za familia nasikia kauli ileile:

"Shem, mimi siuzi mpaka irudi 850."

"Na ungekuwa umenunua kwa 300?"

"Hapo ningeshauza zamani."

Sasa geuza hesabu yetu, uanze siku ya mwisho urudi nyuma, kwa kujiuliza kila siku: kuanzia leo, kilichobaki kinaweza kunipa nini? Ukiwa na hisa mkononi kuna njia mbili tu: uza upate bei ya leo ukitoa ada, uwe huru, au shika upate kile ambacho kesho inaweza kukupa. Tafuta popote ndani ya swali hilo bei uliyonunulia. Haimo. Hisa ya aliyenunua kwa 850 na ya aliyenunua kwa 300 zina kesho moja. Kushika kunaweza kuwa uamuzi sahihi kabisa, kama mtu anaamini kampuni itakua na kulipa gawio. Lakini 850 si sababu. Soko halijui kwamba shemeji yangu alilipa 850, na halimdai wala halidaiwi naye. Bellman aliitoa kanuni hii kwa hesabu. Ukoo wetu bado unaijadili.

Lazima pia niseme mahali ambapo zoezi linadanganya, kwa sababu soko letu si karatasi. Zoezi linadhani ukitaka kuuza kwa 450, mnunuzi yupo. Dar es Salaam kuna kampuni ambazo hisa zake zinaweza kupitisha siku kadhaa bila muamala wowote. Bei unayoiona ubaoni ni ya mtu wa mwisho aliyeelewana na mwenzake, pengine kwa hisa chache tu. Ukija na elfu kumi, bei hiyo si yako. Zoezi pia linadhani fedha inarudi papo hapo, wakati malipo ya hisa hukamilika siku za kazi kadhaa baada ya muamala. Ile sura ya zoezi inayokulazimisha kupumzika baada ya kuuza, ambayo wanafunzi huiona ni mzaha wa watunga mitihani, ndiyo inayofanana zaidi na maisha ya mwekezaji mdogo. Na kila sharti la kweli unaloliongeza, iwe ada, kusubiri au uhaba wa wanunuzi, linaishusha dari. Hakuna hata moja linaloipandisha.

Je, basi asiyejua kesho hana hesabu yoyote? Anayo, na ni nzuri. Tuseme unazo hisa unazotaka kuziuza ndani ya mwaka, na kitu pekee unachoamini ni kwamba bei haitashuka chini ya 200 wala kupanda juu ya 800. Zidisha 200 kwa 800, tafuta kipeuo cha pili: 400. Sasa jiwekee sharti: nitauza siku ya kwanza bei itakapofika 400 au zaidi, isipofika kabisa, nitauza siku ya mwisho kwa bei yoyote. Tazama unachohakikishiwa. Bei ikifika 400 umeuza, na hata kama baadaye itapanda hadi 800, umepata angalau nusu ya kilele. Isipofika 400, kilele kilikuwa chini ya 400 na wewe umepata angalau 200. Bado ni nusu au zaidi. Kwa vyovyote bei itakavyokwenda ndani ya mipaka hiyo, hupati chini ya nusu ya kile ambacho mjuzi wa yote angepata. Ran El-Yaniv na wenzake waliichambua mbinu hii na nyingine bora zaidi, za kuuza kidogokidogo, katika jarida la Algorithmica mwaka 2001. Ahadi yake ni ndogo kuliko ya kundi la Telegram. Tofauti ni kwamba inatimizwa, mradi ile mipaka ya 200 na 800 isivunjwe, na imekwambia mapema kwamba ikivunjwa haikuhakikishii kitu.

Nimewahi kuambiwa kwamba nawakatisha tamaa vijana ambao hatimaye wameanza kujali uwekezaji. Sioni hivyo. Kuna vijana wanaonunua hisa kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, jambo ambalo wazazi wao hawakulipata, na ni jema. Kinachonitia hofu ni kwamba mlango uleule wa simu unamwingiza anayenunua sehemu ya kampuni na anayenunua ndoto ya mtu mwingine, na mara nyingi kijana ni yuleyule mmoja, wiki hiyohiyo. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ina kazi yake ya kusimamia wenye leseni na kuwaonya wananchi dhidi ya wasio nayo. Lakini onyo linamwambia mtu "usiende kwa huyu", na kesho huyu anabadilisha jina la kundi. Mwenye safu mbili za Sina na Ninayo kichwani anaitambua biashara hata jina likibadilika.

Kwa hiyo napendekeza mambo ambayo hayahitaji bajeti mpya. Walimu wa hisabati wa sekondari wachukue kipindi kimoja wafanye zoezi hili kwa bei halisi za kampuni moja ya Dar es Salaam, kwa kalamu, na ada iwemo. Mwanafunzi ajaze visanduku mwenyewe mpaka aone kwa macho yake uamuzi wa siku ya pili ukifutwa siku ya nne. Soko la Hisa nalo limekuwa likiendesha mashindano ya wanafunzi, ambamo vijana hupewa mtaji wa kufikirika na kushindana nani atapata faida kubwa zaidi. Ni jambo zuri, lakini faida kubwa ya miezi michache humpendelea aliyebahatisha kwa kuweka yote kwenye kampuni moja. Kiongezwe kipimo kingine: kila mshindani aandike kanuni yake kabla ya siku ya kwanza, na mwisho apimwe amepata sehemu gani ya dari, na amemzidi mlalaji kwa kiasi gani baada ya ada. Zawadi ya pili iende huko. Ningependa hata iwe ya kwanza.

Na wewe unayesoma hapa huku kundi fulani likikusubiri ulipe ada ya mwezi, huhitaji kubishana na mtu. Mwombe muuza signali akutumie leo, kwa maandishi yenye tarehe, siku za kununua na za kuuza za mwezi ujao, au kanuni kamili inayozitoa bila yeye kuigusa tena. Hifadhi ujumbe huo. Mwezi ukiisha, chukua bei za kila siku, chora safu mbili, toa ada, tafuta dari, mhesabu na mlalaji, kisha uone yeye amekaa wapi kati yao. Kazi hiyo ni ya nusu saa na daftari la hesabu. Akisema mfumo wake haufanyi kazi namna hiyo, kwamba lazima kwanza ulipe ndipo uone, basi ameshakueleza mfumo wake wote.